Deni la Lepe

Saa sita ya usiku, na jua limekaa juu ya mlima
kama mgeni asiyejua kuaga.
Huku Finnmark, mwezi wa sita,
usiku ni neno tu kwenye ratiba,
na ratiba ni kazi yangu mimi, Sajini Oddrun Myrvoll:
rula, penseli, kifutio kilicholika pembe.

Naweka majina ya watu ndani ya visanduku.
Usiku, usiku, usiku, usiku, usiku, mapumziko.
Mchana, mchana, usiku.
Ilipendeza macho, ilinyooka,
hakuna rada isiyo na mlinzi.
Karatasi haipigi miayo.

Eilif Hætta alikuwa usiku wake wa tano.
Kijana wa wafugaji wa kulungu wa theluji,
anayeweza kuhesabu kundi linalokimbia.
Saa tisa aliandika daftarini: ndege moja, kaskazini.
Saa tisa na dakika moja akaandika tena: ndege moja, kaskazini.
Mwandiko wa pili uliteremka hadi ukingo wa ukurasa
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Hakukuwa na ndege.
Hata ile ya kwanza.

"Nilipepesa tu," aliniambia.
Nikamwambia, kunywa kahawa.
Hilo ndilo nililomwambia. Kunywa kahawa.

Asubuhi gari lake lilikutwa chini ya barabara,
magurudumu ya mbele ndani ya maji ya hori,
redio ikitangaza bei ya samaki.
Mtulinga umevunjika.
Mama wa posta aliyemtoa alisema
alimkuta amelala kama pono, damu kwenye nyusi,
na alipoamshwa alikasirika.

Meja Tangerås akasema: enzi zetu
tulikesha siku tatu kwa biskuti na sigara.
Sikumbishia.
Nilimtazama akitia chumvi kwenye chai,
akakoroga,
akainywa yote.

Usiku ule (uite usiku) nilipiga hesabu.
Saa tatu pungufu kwa kila mtu, kila siku,
siku kumi na moja, watu tisa:
saa mia mbili tisini na saba.
Dawa ya deni kulipa, wanasema,
lakini hili linalipwa kwa sarafu gani,
na mdai mwenyewe hatumi barua,
huja tu njiani, kwenye kona,
akafumba jicho moja, kisha la pili.

Sasa ni usiku mitatu, basi.
Nyuma ya chumba cha rada kuna kitanda cha turubai:
dakika ishirini, kwa amri.
Madirisha ya bweni nimeyabandika karatasi ya fedha
tuliyoomba jikoni, ina harufu ya kuku bado.
Wengine huona haya kulala kwa amri,
hulala na buti.
Sunniva wa mitambo hapati hata lepe,
anahesabu misumari ya dari, ni arobaini na mmoja,
na simlaumu: usingizi si kuruta,
hauitikii filimbi.

Eilif amerudi, mkono kwenye tanzi la kitambaa.
Rada bado hajaruhusiwa. Ananishikia rula.
Jana aliweka kidole chini ya safu ya mwisho:
"Wewe uko wapi humu?"
Nikajitafuta juu, nikajitafuta chini.
Alichukua penseli kwa mkono wa kushoto,
akaandika Oddrun, herufi zikiyumba,
ndani ya kisanduku cha mapumziko.

Basi nimelala. Au angalau niko kitandani.
Kwenye karatasi ya fedha kuna tundu
la ukubwa wa ncha ya penseli.
Jua linapenya, linagusa ukuta:
nukta moja, kaskazini.

Siiandiki.